Patholojia Ifundishwe Kuanzia Kwenye Kopo

Mwanafunzi wa udaktari anayekuja Mtwara au Lindi kwa mafunzo ya vitendo anaweza kukutajia bila kukwama mabadiliko yote yanayoletwa na kichocho kwenye kibofu. Muulize kwa nini kipande cha nyama kilichotoka chumba cha upasuaji kimefika maabara kikiwa kimeoza katikati, ananyamaza. Simlaumu. Tumemfundisha patholojia, elimu ya kutambua ugonjwa kwa kuchunguza tishu, kuanzia kwenye slaidi (kioo chenye kipande chembamba cha tishu kinachotazamwa kwa hadubini), yaani kuanzia mwisho, na makosa mengi hutokea kabla slaidi haijawepo.

Tuanze na formalini, dawa ya maji inayozuia tishu isioze. Ile ya dukani ina formaldehaidi kati ya asilimia 37 na 40. Kupata lita moja ya kuhifadhia tishu, changanya mililita 100 za formalini na mililita 900 za maji, kisha ongeza gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti (yenye molekuli moja ya maji) na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji. Chumvi hizo mbili ndizo zinazozuia uchachu, na ndizo zinazorukwa mara nyingi kwa sababu maji matupu yanaonekana kutosha.

Dawa hii hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa. Titi au mfuko wa uzazi ukitumbukizwa mzima, nje hukaza na ndani huendelea kuharibika, na kwa joto la pwani yetu haichukui muda. Kwa hiyo kiungo kikubwa kichanjwe kila sentimita moja, na formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu. Kopo liwe na mdomo mpana: nyama huingia laini kwenye chupa nyembamba, ikishakaza haitoki mpaka chupa ivunjwe. Atakayefanya haya Liwale, Newala au Nanyumbu si daktari bingwa wa patholojia. Ni daktari aliyehitimu juzi, yuleyule tuliyemkaririsha madesa.

Rudi sasa kwenye zile chumvi. Zisipowekwa, formalini huchacha, hukutana na hemoglobini (rangi nyekundu ya damu) na kuacha chembechembe za kahawia iliyokolea. Kwenye slaidi ya kondo la nyuma au ya wengu, chembe hizo hufanana mno na rangi inayoachwa na vimelea vya malaria. Mwanafunzi wa mikoa hii, ambako malaria ni jambo la kila siku, ataandika malaria bila kusita. Hata mwanga wa polaraizi, ule wa hadubini unaochujwa utetemeke upande mmoja tu, haumwokoi, maana zote mbili hung'aa. Atazame zilipokaa: za malaria zimo ndani ya chembe nyekundu zenye vimelea, ndani ya makrofeji (seli zinazomeza uchafu) au zimenaswa kwenye faibrini (nyuzi za damu iliyoganda), za formalini zimetapakaa juu ya tishu popote palipo na damu, na hazionekani vizuri mpaka uinue fokasi kidogo. Aliyewahi kutengeneza formalini mbovu kwa mkono wake hapotezwi na slaidi hiyo.

Damu nayo ina yake. Tone nene la damu ya kupima malaria halikazwi kwa methanoli, na methanoli ya kukazia tone jembamba lililo kwenye kioo hichohicho ikichuruzika hadi pale, hemoglobini haitoki na vimelea havisomeki. Unyevu wa pwani huchelewesha tone kukauka, mtu anaamua kulipasha moto, matokeo ni yaleyale. Rangi ya Giemsa, inayoonyesha vimelea, ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, kwenye maji ya pH 7.2, inatosha.

Muda wa kuchukua sampuli pia ni patholojia. Vimelea vya matende na mabusha vitafutwe kwenye damu ya saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Mayai ya kichocho kwenye mkojo wa saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Mgonjwa akipimwa damu ya matende asubuhi, jibu la "hakuna" halina maana.

Najua hoja inayofuata: wanafunzi ni wengi, ratiba imejaa, slaidi za kompyuta zipo. Slaidi za kompyuta ni nzuri, wote huona kitu kimoja kwa wakati mmoja, lakini hazina harufu ya nyama iliyoharibika. Zoezi ninalolitaka halihitaji fedha nyingi. Nunua figo za ng'ombe buchani. Kundi la wanafunzi sita lichanje moja na kuiweka kwenye formalini ya kutosha, ya pili iingie nzima kwenye chupa yenye formalini kidogo, ya tatu iachwe mezani kwa muda wa saa sita ndipo ihifadhiwe. Kesho yake wazikate. Ya kwanza ni ya kijivu hadi ndani, ya pili ina kiini chekundu, laini. Madirisha yawe wazi na glavu zivaliwe, kwani formaldehaidi husababisha saratani.

Kila kundi lijaze na fomu ya maombi: umri, mahali kipande kilipotoka, dalili zimeanza lini, nini kinashukiwa, saa ya kukata na saa ya kutia formalini. Fomu iliyoandikwa "uvimbe" tu ipate sifuri. Na kwenye mtihani wa mwisho, theluthi ya alama za vitendo itoke hapo, kwa sababu kisichotahiniwa hakisomwi.