Minazi ya jirani

Jamani, jirani yangu kule Second Life, ule ulimwengu wa mtandaoni tunaojenga viwanja, atanitoa roho. Najua, mimea iliyomo tayari kwenye menyu ya kujengea ni ya bure, na mti mmoja unahesabika kitu kimoja tu katika idadi ya vitu vinavyoruhusiwa kwenye kiwanja. Cha bure kitamu, sawa. Lakini ndiyo upange minazi yote urefu mmoja, mstari mmoja, kama gwaride? Ukubwa si unabadilishika! Shika kona, vuta; huu mfupishe, ule uzungushe kidogo, basi.

Halafu mpakani kaweka mwaloni. Shina liko kwake, matawi yote sebuleni kwangu. Mgeni akikaa kwenye kochi, majani yanamtokea puani. Nikamwandikia kwa adabu zote, "Ndugu yangu, naomba uusogeze mita mbili tu." Kanijibu kwa dole gumba. Dole gumba!

Jana ndiyo kafunga kazi: kashusha misonobari yenye theluji katikati ya minazi, tena ufukweni. Na kiwanja chenyewe mita za mraba 512. Msitu wote huo wa nini, anafuga tembo?