Kwenda Ufaransa kujifunza Kifaransa: aende sasa hivi au akomae kwanza hapa Arusha?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, huku Arusha na Moshi kuna familia zinabishana kitu kile kile, mtoto anataka kwenda Ufaransa kwenye zile programu za kuishi ndani ya lugha, yaani unakaa kwa familia ya wenyeji, asubuhi darasa, mchana na jioni kila kitu Kifaransa mpaka ubishi wa zamu ya nani kuosha vyombo. Nusu ya ukoo wanasema apelekwe hata kama ni kuuza kiwanja, nusu wanasema hiyo ni hela ya kumwaga, si Kifaransa kinafundishwa hapa hapa mjini. Msimamo wangu nauweka mapema kabisa: aende, ila asiende akiwa hajui kitu.

Kwanza tukubaliane kwamba kwa mji huu Kifaransa ni ajira. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa mpaka 2015 na ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, taasisi iliyorithi kazi zake ipo Lakilaki na lugha ni hizo hizo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ndo usiseme, Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Congo 2022, na mkutano wa marais wa Februari 2021 ukaridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Alafu kuna utalii, wageni wa Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi, Quebec, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni za safari anajua gaidi, yaani muongoza watalii, anayeongea Kifaransa msimu ukianza hakai benchi.

Sasa hapo kwa gaidi ndo mjadala unapoanza kunoga, maana wapo magaidi wa Moshi ambao hawajawahi kukanyaga Ulaya na Kifaransa chao kinatiririka. Ukifikiria vizuri, mtu anapanda na wageni wa Kifaransa njia ya Machame ya Kilimanjaro siku sita saba, anakula nao, anawaamsha usiku wa kuelekea kileleni, anawauliza kichwa kinaumaje na kama wametapika, hiyo ni kuishi ndani ya lugha kuliko programu nyingi za kulipia, na yeye analipwa! Upande wa wanaosema hakuna haja ya kusafiri wana hoja nzito hapa na siwezi kuibeza.

Na hoja yao ina utafiti nyuma yake. Mwaka 2004 Freed, Segalowitz na Dewey walilinganisha wanafunzi 28 wa Kimarekani wanaojifunza Kifaransa: kuna waliobaki na darasa la kawaida chuoni kwao, kuna waliokwenda Paris, na kuna waliobaki Marekani kwenye programu ya kiangazi ambayo muda wote ni Kifaransa. Waliopanda zaidi kwenye ufasaha wa kuongea ni hao wa mwisho, sio wa Paris, na sababu haikuwa uchawi, wa Paris wenyewe walisema nje ya darasa walikuwa wanatumia Kiingereza zaidi kuliko Kifaransa. Watu 28 ni wachache ndio, na Mtanzania aliyepelekwa peke yake mji mdogo kama Vichy labda hatapata kijiwe cha wenzake, lakini simu anayo, na mtoto akishakuwa mpweke jioni nzima ni WhatsApp na nyumbani kwa Kiswahili, kesho tena hivyo hivyo, miezi inaisha.

Ila gaidi yule yule wa Machame mpe ripoti ya kurasa kumi aiandike kwa Kifaransa, au mkalishe kwenye kibanda cha wakalimani jaji anapoongea, hapo utaona mpaka wa lugha ya kazini. Anajua ya mlimani, na anaijua kweli, lakini Kifaransa cha barua, cha kubishana na ofisi kuhusu bima, cha kusikia watu wanne wanaongea kwa pamoja mezani kwa kasi yao ya kawaida, hicho hapa kwetu hakipatikani kirahisi. Hiki ndicho kitu ambacho safari inakupa na mimi nakithamini sana, kwahiyo mtoto anayelenga mahakama au Jumuiya simwambii abaki.

Tatizo ni hela. Ufaransa kwa viza ya mwanafunzi wa muda mrefu wanataka uonyeshe angalau yuro 615 kwa mwezi, ni zaidi ya milioni moja na nusu ya kwetu, hapo ada ya kozi na ndege bado. Sasa mtu analipa hela zote hizo kwenda kufundishwa kuhesabu moja mpaka mia na kujitambulisha jina? Hayo yasomwe hapa Arusha, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, Alliance Française, kipo. Kufika B1, yaani kiwango cha kati cha kujitegemea kwenye lugha, kwa kawaida inakadiriwa masaa 350 mpaka 400 ya darasa, afanye DELF, ule mtihani rasmi wa Ufaransa wa kupima Kifaransa, cheti chake hakiishi muda, alafu ndo apande ndege. Akifika na B1 anaweza kubishana, kuchekesha na kupata marafiki, na marafiki ndo wanaokufundisha.

Wengine wanasema basi si aende Bujumbura, viza haihitajiki na gharama ni ndogo. Wazo zuri na ningependa wengi walijaribu, ila Bujumbura na mashariki yote ya Congo Kiswahili kipo barabarani, wakijua tu wewe ni Mtanzania wanakugeuzia Kiswahili kwa ukarimu kabisa. Huko bila kujitia nidhamu mwenyewe utarudi na marafiki wengi na Kifaransa kile kile.

Kwa mzazi ambaye anakaribia kulipa, kabla ya kuangalia picha za chuo waulize hao watu wa programu: mwanangu atalala wapi, darasani wako wangapi, na jioni anakula na nani? Kama jibu ni kwamba wanafunzi wa kigeni wote wanakaa bweni moja na wanajipikia, hiyo hela iache benki mpaka upate programu nyingine.