Mfalme wangu kamezwa na kibuyu

Najua wengi wenu mmeshaisikia ile sauti ya WhatsApp, inayosema nililia kibuyu kilipommeza mfalme wangu wa mchezoni, maana mpaka shemeji yangu wa Arua kanirudishia akicheka. Sasa sikilizeni ya kwangu. Kwanza, sikulia. Ule ulikuwa moshi wa sigiri, jirani alikuwa anawasha mkaa pale mlangoni na dirisha langu halifungi, anayebisha aje Kibuli aone.

Watu wa D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi) mnajua mimi ndiye DM wa Jumapili, yaani msimamizi wa mchezo, dunia natunga mimi, maadui wote nacheza mimi. Nyie wengine chukulieni ni ngano, ila wasikilizaji ndio wanaoamua shujaa afanye nini na dadu la pande 20 linasema kama ataweza. Miezi minane nzima namwandaa Mfalme wa Majivu. Uhai wake 300, kurasa kumi na moja za daftari, na sauti yake nilikuwa naifanyia mazoezi nyuma ya boda mpaka dereva akaniuliza ssebo, kifua kinakusumbua?

Kosa ni kibuyu. Zamani kidogo mchawi wetu (dada mmoja mhasibu, hapo tu ningeshtuka) alilalamika hana kitu cha maana, nikamuonea huruma, nikamtungia chake saa sita usiku macho yakifumba: "Kibuyu hiki humeza chochote ambacho mwenye nacho atakitaja kwa jina lake kamili." Basi. Mara ngapi kwa siku, sikuandika. Kikubwa kiasi gani, sikuandika. Anayemezwa arushe dadu ajinusuru? Wapi. Jamani hata Wish, uchawi mkubwa kuliko wote kwenye kitabu cha sheria za mchezo, ukiutumia kwa jambo zaidi ya kuiga uchawi mwingine wa chini yake kuna asilimia 33 hutautumia tena maisha yako yote. Wenyewe waliotunga waliogopa. Mimi nikaandika "chochote" nikalala.

Nilijiona mjanja kwa lile "jina kamili". Majina ya maadui ninayo mimi, yeye atayatoa wapi?

Basi Jumapili hii nimezima taa, nimewasha mshumaa, nimekwenda mpaka soko la Owino kununua kibuyu cha kweli nikakiweka katikati ya mkeka, eti kuleta hali. Nikasimama juu ya stuli. Nikaitoa ile sauti.

"MIMI NDIMI HARABU BIN MAJIVU BIN KIZA, MFALME WA MASHIMO SABA! LEO NITAKUNYWA DAMU YENU!"

Kimya. Raha iliyoje. Nikarudia. Nikaona dada mhasibu kainama anaandika, nikajua maneno yamemgusa, kwa hiyo mara ya tatu nikalipunguza mwendo, Ha-ra-bu... bin... Ma-ji-vu...

Banange, alikuwa ananakili.

Akaweka kalamu chini. Akakivuta kibuyu taratibu, akachomoa kizibo kwa vidole viwili kama mtu anayefungua dawa ya kikohozi. Akasoma jina lote, na bin zake zote, na mashimo saba yake. Kisha akaninyooshea ile karatasi yangu, kaitunza yote hiyo miezi, kaipaka na plastiki. "Soma."

Nikasoma. Nikageuza nyuma nikitafuta huruma, nikakuta hesabu ya nyanya na vitunguu. Nikasema maadui wakubwa kitabuni wengi wana haki ya kuukataa uchawi mara 3 kwa siku. Akauliza wako umemwandikia? Sikumwandikia. Nikasema subiri, kitabu kinasema... Akasema, "Kitabu gani kaka, hii si ulitunga mwenyewe?"

Wote wananiangalia. Na sheria yangu mimi mwenyewe ya mwaka mzima ni kwamba adui akifa, DM aigize. Kwa hiyo nikaigiza. Juu ya stuli, nikipiga kelele, "NINAMEZWA! KIBUYU KINANIMEZA!"

Mlango ukafunguka. Mama mwenye nyumba, na nyuma yake yule jirani wa sigiri ameshika koleo.

Hebu tazameni alichokiona: mshumaa, kibuyu, watu watano chini kwenye mkeka, na mpangaji wake juu ya stuli anaomba asimezwe. Mimi sauti ya mfalme imeshindwa kushuka, nikamwambia kwa sauti ileile nzito, "Karibu, mama."

Mengine hayana maana. Tulieleza, dadu zikaonyeshwa, jirani akarusha akapata 20 akafurahi. Tulipanga kucheza kwa muda wa saa nne, tukamaliza kwa dakika ishirini, wakala rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) kwa pesa yangu. Kibuyu sasa ni mara moja kwa siku na anayemezwa anarusha dadu, dada mhasibu kasema ataifikiria.

Jana asubuhi nipo bombani na jerikani, mama mwenye nyumba akapita, akasimama, akaniuliza polepole wasisikie wengine, "Mwanangu, yule Harabu... ametoka?"