Je, Jawbreaker walijiuza? Kuisikiliza upya Dear You

Septemba 1995 Jawbreaker, bendi ya panki ya watu watatu kutoka San Francisco, ilitoa albamu yake ya nne, Dear You, kupitia DGC, tawi la kampuni kubwa ya kurekodi muziki ya Geffen, lebo ileile iliyokuwa na bendi maarufu ya Nirvana. Mashabiki wa siku zote waliiona kuwa usaliti, yaani bendi imejiuza kwa lebo kubwa. Kwenye maonyesho kuna waliokaa sakafuni na kuwapa wanamuziki mgongo kila wimbo mpya ulipoanza. Mauzo yakawa duni, na mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Hasira ile haikuwa ya kipuuzi. Blake Schwarzenbach, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa ametangaza waziwazi kwamba hawatasaini na lebo kubwa. Ng'ambo ya ghuba, mjini Berkeley, ukumbi wa 924 Gilman ulikuwa na kanuni yake: bendi yenye mkataba na lebo kubwa haipigi pale. Green Day, bendi nyingine ya panki, waliokulia humo, walifungiwa mlango kwa sababu hiyo. Ukitazama kwa mbali unaweza kusema ni utoto, lakini nyuma ya kanuni kulikuwa na hesabu. Steve Albini, aliyeirekodi sehemu kubwa ya albamu ya Jawbreaker iliyotangulia, 24 Hour Revenge Therapy, aliandika mwaka 1993 katika jarida la The Baffler makala iliyoonyesha fedha za mkataba zinavyoyeyuka. Malipo ya awali ni deni. Studio, prodyuza, mwanasheria, meneja na gari la safari vyote hukatwa, na mwisho wa hesabu kampuni imevuna huku mwanamuziki akibaki na kipato chini ya cha mwuza duka. Aliyekuwa amesoma makala ile, kisha akasikia kuwa Jawbreaker wamesaini, alikuwa na haki ya kushangaa.

Tena mazingira yalizidisha shaka. Mwishoni mwa 1993 walitangulia jukwaani katika maonyesho kadhaa ya Nirvana, na minong'ono ikaanza. Februari 1994 ikatoka albamu ya Green Day, Dookie, ikauza mamilioni, na lebo kubwa zikamiminika kuwatafuta Green Day wengine. Jawbreaker hawakuchukuliwa tu na lebo kubwa. Walipewa Rob Cavallo, prodyuza wa Dookie yenyewe. Ungeweza kutoa hukumu hata kabla ya kuweka sindano kwenye sahani, na wengi ndivyo walivyofanya.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Kuvunja ahadi ni jambo moja, na muziki uliorekodiwa ni jambo jingine, na hasira ya lile la kwanza ilitumika kuziba masikio yasilisikie la pili.

Chukua sauti ya Schwarzenbach, ambayo ndiyo iliyolalamikiwa zaidi. Watu walizoea mkwaruzo, sauti ya mtu anayeimba kana kwamba koo linachanika. Kwenye Dear You anaimba laini, karibu na maikrofoni, na lawama ikaangukia studio. Lakini koo lile lilikuwa linachanika kweli. Wakati wa ziara ya Ulaya mwaka 1992 ilibidi afanyiwe upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na ukiisikiliza 24 Hour Revenge Therapy kwa makini utagundua mkwaruzo umeshaanza kupungua, kabla ya fedha za Geffen. Mashabiki walikuwa wanadai arudie jambo lililomfikisha hospitalini.

Halafu kuna maneno yenyewe. Albamu za kwanza zilihusu marafiki, safari na ugomvi wa ndani ya jamii ya panki. Wimbo wa Boxcar ulikuwa tayari unawakejeli wanaojipa kazi ya kuamua nani ni panki halisi. Kwenye Dear You chumba kimebaki na mtu mmoja, anayekaribia miaka 30, aliyechoka na asiyependa sana anachokiona kwenye kioo. Accident Prone, wenye dakika sita hivi, ndio kilele. Unaanza polepole mno kwa bendi ya aina hii, unakusanya uzito bila haraka, na gitaa linapofunguka mwishoni halileti ushindi wowote. Wimbo huo ungerekodiwa kwa siku moja katika studio ya bei nafuu, ungekufa. Unahitaji nafasi, unahitaji ukimya usikike kama ukimya, na usafi wa kazi ya Cavallo ndio ulioupa.

Lakini nisiwape wasifiaji wa leo ushindi wa bure, maana nao wamezidisha. Usafi huohuo ulidai gharama, na mlipaji mkubwa ni besi ya Chris Bauermeister. Kwenye albamu yao ya 1992, Bivouac, besi yake ndiyo ilikuwa inaendesha nyimbo, mara nyingine ikishika melodi kuliko gitaa. Hapa imefunikwa na gitaa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na unaitafuta kwa tochi. Fireman, uliochaguliwa kuwa singo, ni wimbo nadhifu usiothubutu chochote. Lurker II ungeachwa nje hakuna angeukumbuka. Nyimbo 13 ni nyingi kwa albamu yenye huzuni ya rangi moja. Ingekatwa hadi 10, hoja ya wapinzani ingedhoofika sana.

Bado, kati ya kasoro hizi hakuna hata moja inayonionyesha bendi inayosaka redio. Anayesaka redio haweki wimbo wa nne wenye dakika sita za kukata tamaa. Wala hawezi kuandika Million, ambamo ofa ya fedha inatajwa waziwazi na mwimbaji anaonekana hajui aifanyie nini.

Albamu ilipotea madukani kwa miaka, hadi mpiga ngoma Adam Pfahler alipoitoa upya mwaka 2004 kupitia lebo yake ndogo, Blackball. Bendi ikarudi jukwaani kwenye tamasha la Riot Fest, Chicago, 2017, na mwaka 2022 ikafanya ziara nzima ya kuiadhimisha Dear You. Wengi huuchukua mwitikio wa ziara ile kuwa ushahidi kwamba mashabiki wa 1995 walikosea. Mimi sishawishiki. Walionunua tiketi 2022 ni wengine, wengi wao walikutana na albamu hii bila kuahidiwa chochote na mtu yeyote, na waliokaa sakafuni huenda hawakuja kabisa.