Ulizia Taa Kabla ya Kuulizia Rangi

Lamu siku hizi mtu akienda kuzibwa jino hutaka "ile nyeupe", kwa kuogopa zebaki. Kweli, karibu nusu ya uzito wa amalgamu, ile ya kuzibia ya rangi ya fedha, ni zebaki, na mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana isitumiwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona hapana budi. Lakini nyeupe nayo si maziwa.

Nyeupe ni resini: unga laini wa kioo uliokandwa na vimiminika kama Bis-GMA na TEGDMA. Mwanga wa buluu, takriban nanomita 470, ndio unaovigandisha, na haumalizi kazi. Kimiminika kilichobaki huru huvujia kwenye mate, zaidi katika saa 24 za mwanzo. Maabarani, TEGDMA na HEMA, ile ya kwenye gundi ya resini, zikiwekwa juu ya seli humaliza glutathioni, ile kinga ya seli dhidi ya oksijeni kali. DNA hudhurika na seli hufa. Kwa kiwango cha kimataifa cha vifaa vya tiba, ISO 10993-5, kitu kikipunguza uhai wa seli kwa zaidi ya asilimia 30 huhesabiwa sumu kwa seli. Ila seli za kwenye sahani hazina mate ya kuzisuuza wala dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino, ya kuzikinga. Mdomoni hatari hukua tundu likiwa refu na dentini iliyobaki haifiki nusu milimita.

Ugomvi wangu basi si na resini, ni na haraka. Tundu la milimita 5 likijazwa kwa mkupuo mmoja, juu huwa jiwe na chini hubaki ulimbo. Resini ya kawaida hupangwa tabaka za milimita 2, kila moja sekunde 20 au kama ilivyoandikwa, ncha ya taa ikikaribia jino. Ncha iliyogandwa na resini kuukuu hupunguza mwanga, na macho hayatambui. Kuna kipimo cha taa, kitumike. Tabaka la juu kabisa huzuiwa na hewa lisigande, kwa hiyo lisuguliwe lote.

Kule Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, umeme ukisumbua, ningechagua saruji ya ionoma ya kawaida, aina nyingine ya kuzibia jino: hujigandisha yenyewe bila taa, na hukandamizwa kwa kidole kilichopakwa vaselini.

Na glavu iliyogusa gundi ya resini ibadilishwe papo hapo. HEMA hupenya mpira kwa dakika chache, na atakayewashwa vidole ni daktari mwenyewe.