Jino moja mbele latosha

Jumapili asubuhi, tukikutana kunywa chai kabla ya kuteremka Magadi, hakosekani mtu wa kuinama nyuma ya pikipiki yangu, akaitazama tairi, kisha akaniuliza kwa sauti ya pole: "Mkubwa, hii nduthi utaiwekea tairi ya maana lini?" Tairi ya maana kwake ni ile pana kama mto wa kulalia. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, tena chai ikipoa, kwa hiyo leo najibu wote.

Pikipiki yenyewe ni Honda Transalp, XL600V ya mwaka 1989. Silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa sisi (cc) 583, gia tano, kabureta mbili. Tairi ya nyuma ni 130/80 (130 ni upana kwa milimita) ya inchi 17, rimu ni ya spoki na breki ya nyuma ni ya dramu. Nilipoinunua ilikuwa na sproketi (kisahani cha meno kinachoshika cheni) ya meno 15 mbele na ya meno 47 nyuma. Ni chombo cha safari, cha kubeba mtu na mkewe na mabegi mpaka Loitokitok bila mgongo kulalamika.

Jina lake limetoka kwenye milima ya Alps, kwa hiyo mtu angedhani vilima vyetu ni mchezo kwake. Lakini mwenye Transalp kule Ulaya hupanda mlima akatazama mandhari, akapiga picha, akashuka kwenda kulala. Sisi wa Nairobi tumejenga kabisa huko juu. Mji uko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Ukiwa ulinunua farasi 50, wanane hivi wamebaki Mombasa, na ukipanda Limuru wanatoroka wengine. Pikipiki ikijazwa mafuta ina karibu kilo 200, bado hujapanda wewe, mama watoto na hema. Ndiyo maana kwenye ule mpando wa kutoka Mai Mahiu gia ya tano yangu ilikuwa pambo. Nikiiweka, injini inanguruma kwa kunung'unika, lori la mahindi linanisogelea kwenye kioo, narudi ya nne.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na sina wa kumlaumu. Niliambiwa dawa ni gurudumu pana la nyuma. Nikapata la mtumba, la pikipiki ya mbio, rimu ya kumwaga (ya chuma kizima, bila spoki), tairi ya 160. Muuzaji aliniapia kwamba linaingia bila shida. Kuingia liliingia, kama vile mgeni mnene anavyoingia kwenye kiti cha nyuma cha matatu.

Kwanza, gurudumu lile lilikuwa la breki ya diski. Pikipiki yangu haina pampu ya breki ya nyuma wala mahali pa kuifunga, ina fimbo tu inayovuta dramu. Pili, tairi ya 160 ilikuwa inagusa cheni. Ili ipite, sproketi ya nyuma ilibidi isogezwe nje milimita nane, na hivyo sproketi ya mbele nayo isogezwe nje vilevile, la sivyo cheni inakwenda upande. Fundi mmoja wa kukereza vyuma alinichongea kipande cha kusogeza nyuma. Cha mbele alisema hakina haja, "cheni itajizoesha". Cheni haijizoeshi. Baada ya majuma machache meno ya sproketi yalikuwa yameliwa upande mmoja, yaking'aa kama kisu kilichonolewa. Na siku mvua iliponikuta kwenye udongo mweusi wa Kitengela, matope yalijaa kati ya tairi na matigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Nilikaa kando ya barabara nikichokoa kwa kijiti, mbuzi wakinitazama.

Wengine hujaribu njia ya mkato: wanaacha rimu ileile na kuivalisha tairi pana. Rimu nyembamba huibana tairi pana mashavuni, ikawa na mgongo uliochongoka katikati. Ukilala kwenye kona pikipiki inakawia, halafu inaanguka ndani ghafla. Tairi ya 160 inataka rimu ya inchi nne na nusu hivi, na ya kwangu ni nyembamba zaidi ya hapo kwa mbali.

Halafu kuna jambo ambalo wapenda upana hawalisemi. Tairi kubwa kwa kawaida huwa na mzingo mrefu, na mzingo mrefu ni sawa na kuongeza urefu wa gia. Chukua 130/80 ya inchi 17: kipenyo chake ni milimita 640 hivi, kila mzunguko inakupeleka mita mbili na sentimita moja. Badilisha iwe 140/80, mzunguko mmoja unakuwa mita 2.06. Umeongeza asilimia mbili na nusu, yaani injini iliyokuwa inalia mzigo ni mzito umeiongezea mzigo. Hata kama ile 140 inapendeza, na nakubali inapendeza.

Nikarudisha gurudumu la zamani, nikaenda Kirinyaga Road kutafuta sproketi ya mbele yenye meno 14. Kitu kidogo, kinatosha kwenye kiganja. Bei yake haikufika hata ile niliyolipa kukereza kile kipande.

Hesabu yake ni rahisi. Gawa meno ya nyuma kwa ya mbele: 47 kwa 15 ni 3.13, na 47 kwa 14 ni 3.36. Namba ikiwa kubwa, gia ni nyepesi kwa injini, na hiyo ni tofauti ya asilimia saba. Ukitaka kufika karibu na hapo kwa kubadilisha ya nyuma, utahitaji meno 50, na kwa meno matatu ya ziada huenda cheni isifike, ununue ndefu. Kwa 14 mbele cheni ni ileile. Unarudisha gurudumu nyuma kama milimita nne tu kwenye virekebishi vya cheni. Kazi yenyewe ni boliti mbili, kisahani kinachoshika sproketi, na subira ya kukwangua grisi iliyoganda humo ndani kwa miaka mingi.

Gia haiongezi nguvu hata chembe. Inagawa ileile kwa namna nyingine. Kwenye kilomita 100 kwa saa, ambapo injini ilikuwa inazunguka mara 4,500 hivi kwa dakika, sasa inazunguka 4,800. Mafuta yanaongezeka kidogo. Kwangu nimeshuka kutoka kilomita 20 kwa lita hadi 19. Lakini mpando wa Mai Mahiu sasa naupanda kwa gia ya tano sehemu kubwa, na kule Salama, kwenye barabara ya Mombasa, ninapotaka kulipita lori, napata msukumo papo hapo badala ya kuuomba. Faida ambayo sikuitarajia iko mjini. Kwenye foleni ya Waiyaki Way gia ya kwanza inatambaa polepole vya kutosha kunipunguzia kazi ya klachi, na vidole vya mkono wa kushoto vimeshukuru.

Kuna gharama, nisiwafiche. Sproketi ndogo inaikunja cheni kwa kona kali zaidi, kwa hiyo cheni na sproketi huchakaa mapema. Pia cheni inapita karibu zaidi na ile raba inayolinda uma wa nyuma (mkono unaoshika gurudumu), ikaanza kuila. Naikagua kila ninapopaka cheni mafuta. Na tafadhali usipime ulegevu wa cheni pikipiki ikiwa imesimama tupu. Hizi za safari zina springi ndefu. Mkikaa wawili na mabegi, uma unashuka na cheni inakaza. Mkalishe mtu juu, hata wawili, kisha ndiyo upime.

Sproketi mpya usiiweke kwenye cheni ya zamani iliyochoka. Vuta cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa: ukiona nusu ya jino, hiyo cheni imekwisha na itaila sproketi mpya. Wakati gurudumu liko chini, zikague pia raba za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu). Zangu zilikuwa zimekauka na kulegea, na nusu ya ule mtikisiko niliokuwa nikiilaumu gia ulitokana nazo.

Rafiki yangu mmoja aliuliza kama spidomita itadanganya. Kwenye hii haidanganyi, kwa sababu kebo yake inatoka gurudumu la mbele. Pikipiki nyingi za kisasa husoma kasi kwenye giaboksi, na hizo ukibadilisha meno zitakuonyesha kasi usiyoendesha.

Kabla ya hayo yote, angalia kabureta. Kama plagi zinatoka nyeusi kwa masizi, injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na hakuna sproketi itakayotibu hilo. Mimi nilianzia hapo, baada ya mzee mmoja pale Grogan, kwenye mafundi wa Nairobi, kunishika bega na kuniambia, "Kijana, huyu mgonjwa umempima homa kwanza?"

Tukienda Mombasa, kilomita 480 hivi na karibu zote ni kuteremka kuelekea kwenye hewa nzito, usiku wa kuamkia safari narudisha ile 15. Inachukua nusu saa, redio ikiwa imewashwa. Ile 14 inakaa kwenye mfuko wa spana, chini ya kiti, ikingojea siku ya kurudi.

Na lile gurudumu pana bado liko stoo, na tairi lake. Mwenye mkokoteni unaokosa gurudumu, tuongee.