Mikoko na Majitaka: Ubichi wa Majani Unapopotosha

Katika hori ya Tudor, upande wa Mikindani jijini Mombasa, majitaka ya majumbani yamekuwa yakimwagika ndani ya mikoko kwa miongo kadhaa, na mikoko hiyo ingali imesimama. Jijini Dar es Salaam, kwenye mlango wa Mto Msimbazi karibu na Daraja la Salender, michu, mojawapo ya aina za mikoko, inaendelea kuchipua katika tope linalopokea maji yaliyokwisha kupita kwenye viwanda, machinjio na mitaa isiyo na mabomba ya majitaka. Hali kama hizo zimezaa hoja yenye mvuto mkubwa kwa miji isiyo na fedha za kujenga mitambo: ikiwa miti hii inauvumilia uchafu, na pengine inanawiri kwa sababu yake, kwa nini isitambuliwe rasmi kuwa sehemu ya mfumo wa kusafisha maji ya mji? Hoja hiyo ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Hata hivyo, naona imejengwa juu ya kipimo kisichofaa, yaani ubichi wa majani.

Ni haki kuanza na upande unaoitetea. Mikoko ni miti iliyozoea shida tangu inapoota. Mchu hunyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia tezi zilizo kwenye majani yake, kiasi kwamba wakati wa jua kali chembe nyeupe huonekana kwa macho. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda matao juu ya maji, huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini kabla haijapanda shinani. Kwa kuwa tope la chini halina oksijeni, mchu na mlilana, aina nyingine ya mikoko, huchomoza mizizi ya kupumulia juu ya ardhi, na hewa inayoteremkia mizizini huunda utando mwembamba wa udongo wenye oksijeni katikati ya tope lisilo nayo. Mpaka huo kati ya udongo wenye hewa na usio na hewa ndio kiini cha uwezo wa mikoko kusafisha maji. Amonia inayotoka kwenye majitaka hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti palipo na oksijeni, kisha bakteria wengine, palipo haba, huigeuza naitreti kuwa gesi inayorudi hewani. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi. Metali nzito kama zinki, shaba na risasi hufungwa na salfidi, yaani misombo ya salfa, zilizojaa katika tope, zikabaki katika hali ambayo mizizi haiwezi kuzinyonya kwa urahisi.

Tena, kwa mti wa aina hiyo, majitaka ya jikoni na chooni hayana athari ya sumu hasa. Kwa sehemu kubwa ni mbolea. Misitu mingi ya mikoko hukua ikiwa na upungufu wa naitrojeni au fosforasi, hivyo inapopata virutubisho hivyo huongeza majani na kurefuka. Huko Futian, katika mji wa Shenzhen kusini mwa China, watafiti walimwaga majitaka ndani ya sehemu ya msitu wa mikoko katika miaka ya 1990 na hawakuona madhara makubwa kwa miti katika muda wa jaribio. Kwetu, mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2005 uliwakutanisha watafiti wa Kenya, Tanzania, Msumbiji na Ulaya kuchunguza swali hilohilo, na huko Jangwani Beach, kaskazini mwa Dar es Salaam, vilijengwa vijaruba vya mikoko vilivyomwagiwa majitaka ya majumbani kwa viwango tofauti.

Kuna pia hoja ya fedha, ambayo mimi huiona ndiyo yenye nguvu zaidi kisiasa. Kinamasi cha Nakivubo mjini Kampala, chenye mafunjo yanayopokea majitaka ya jiji kabla hayajafika Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, kilifanyiwa tathmini ya kiuchumi mwaka 1999, na huduma yake ya kusafisha maji ikakadiriwa kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Si mbali na hapo, kule Ggaba, ndiko jiji linakovuta maji yake ya kunywa. Kinamasi kilichokwisha kupewa bei ni vigumu zaidi kukigawa viwanja. Anayekataa kabisa lugha ya huduma na bei hana budi kueleza ni silaha gani nyingine atakayoitumia mbele ya kamati ya ardhi.

Upande wa pili hauanzii kwenye huruma kwa miti, bali kwenye mizizi. Mwaka 2009 timu iliyoongozwa na Catherine Lovelock wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilichapisha matokeo ya majaribio ya kurutubisha mikoko katika maeneo mbalimbali ya dunia. Miti iliyoongezewa naitrojeni iliotesha machipukizi mengi kuliko mizizi, na palipokuwa na ukame na chumvi nyingi ardhini ilikufa zaidi kuliko ile iliyoachwa bila mbolea. Sababu yake si ngumu kuelewa: mti unaopata chakula bila kukitafuta huacha kuwekeza chini ya ardhi, hujenga majani mengi yanayohitaji maji mengi, na siku chumvi inapopanda mizizi michache iliyopo haitoshi kuyahudumia. Katika mwaka wa mvua nzuri mti huo ndio wa kupigwa picha. Udhaifu wake hujitokeza mvua zinapokosa.

Ushahidi wa namna hiyohiyo ulitoka mwaka 2012 kwenye kinamasi cha chumvi cha Plum Island, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako maji ya bahari yanayoingia wakati wa kujaa yalitiwa virutubisho kwa miaka 9. Nyasi zilirefuka, lakini mizizi iliyoushika udongo ilipungua, mabaki ya mimea chini ya ardhi yakaoza upesi, na kingo za mifereji zikaanza kubomoka. Nyasi za ukanda wa baridi si mikoko ya tropiki, na mtu angekosea kuhamisha matokeo hayo mzimamzima hadi Mombasa. Kinachohamishika ni mashaka: majaribio ya mwaka mmoja au miwili hayawezi kuonyesha uharibifu unaochukua miaka mingi kujitokeza.

Nao mkoko wa mjini haukabiliwi na adui mmoja. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika hori ya Mwache, magharibi mwa Mombasa, likaifukia mizizi ya kupumulia na kuua mikoko mingi. Miaka michache kabla, mwaka 1988, mafuta yaliyomwagika katika hori ya Makupa yalikuwa yamekausha miti kwa namna ileile, kwa kuziba vitundu vya hewa. Mti hustahimili pigo la aina hiyo kwa kutegemea akiba yake ya mizizi, wanga na hewa, na ikiwa majitaka yameukalisha katika tope linalolilia oksijeni mwaka mzima, akiba hiyo imekwisha kuliwa kabla pigo halijafika. Ndiyo maana siridhiki ninapoambiwa kwamba mikoko ya Mikindani imekaa miongo bila kufa. Swali ni itafanyaje katika mwaka wa mafuriko makubwa au wa ukame mrefu.

Kuna jambo ambalo picha za setilaiti hazilioni hata kidogo. Utafiti uliolinganisha mikoko ya pembezoni mwa miji nchini Kenya na Msumbiji na ile isiyofikiwa na majitaka ulikuta kaa wameongezeka uzito kwa jumla, jambo linaloweza kusomwa kuwa neema, ilhali konokono, na hasa tondo, walipungua sana. Tondo wakubwa hula majani yaliyoanguka na hivyo kuyarudisha katika mzunguko wa msitu; wanapotoweka, kazi hiyo hubaki bila mwenyewe. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa nao, wanapopata tope lililojaa chakula, hushiba mapema na kutumia muda mfupi zaidi kulichokoachokoa, na tope lisilochokolewa hupata hewa kidogo. Hivyo msitu unaweza kuonekana mzima kwa mpita njia huku wahudumu wake wa chini wakiwa wamebadilika, na mama anayeokota tondo akawa wa kwanza kulijua hilo.

Nalazimika hapa kutenganisha vitu viwili ambavyo mjadala huvichanganya. Majitaka ya majumbani na maji machafu ya viwandani si kitu kimoja mbele ya mmea. Naitrojeni ina njia ya kutoka: huvutwa na mti, hugeuzwa gesi, huondoka na maji kupwa. Metali haina njia hiyo. Mchu huzuia sehemu kubwa ya risasi mizizini, lakini shaba na zinki hupanda hadi majanini kwa kiasi fulani, na majani hayo huanguka yakaliwa na kaa. Iliyobaki topeni imefungwa na salfidi maadamu tope halina hewa. Likichimbwa ili kupanua mfereji, au miti ikikatwa na ardhi ikakauka, oksijeni huingia, kifungo hufunguka na metali hurudi majini. Kwa Msimbazi, basi, kusema kwamba mikoko inasafisha ni kusema nusu ya ukweli, kwa sababu inachofanya hasa ni kuhifadhi. Vijidudu vya maradhi nalo ni jambo la peke yake: maji yaliyopita kwenye mikoko kwa saa chache kati ya maji kujaa na kupwa hayawezi kuhesabiwa kuwa salama kwa anayevua kamba hapo.

Nikipima pande zote mbili, sioni sababu ya kuifukuza kabisa dhana ya mimea kusafisha maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi kwa miaka mingi na vinamasi vya kutengenezwa, vyenye matete yaliyopandwa kwenye changarawe, ambavyo humalizia kusafisha maji yaliyokwisha kupita kwenye mabwawa ya majitaka. Huko kiasi cha maji kinajulikana, muda wake unapangwa, na kinamasi kikichoka hufungwa kipumzike. Vijaruba vya Jangwani Beach navyo vilikuwa na mpangilio wa aina hiyo. Msitu wa asili unaomwagiwa bomba hauna hata kimoja kati ya hivyo: maji hujichimbia mfereji mmoja, yakapita mbio bila kugusa mizizi mingi, kama ilivyotokea Nakivubo baada ya kingo kulimwa magimbi na miwa. Mikoko ya asili ingeweza, kwa maoni yangu, kupokea maji ya majumbani yaliyokwisha kusafishwa, kwa kiasi kidogo na penye eneo la kutosha, mradi kinachopimwa kila mwaka kiwe uzito wa mizizi, oksijeni ya topeni na idadi ya tondo, wala si urefu wa miti.

Kwa mtazamo huo, mpangilio wa kazi unajipanga wenyewe. Tangu 2022 bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao lengo lake hasa ni mafuriko, na fedha zozote za usafi zitakazoambatana nao zingestahili kuanzia kwenye mifereji ya viwanda kabla ya vyoo vya mitaani, ingawa vyoo ndivyo vinavyonuka na kulalamikiwa. Mikoko iliyolishwa naitrojeni kupita kiasi inaweza, bomba likifungwa, kurudisha uwiano wa mizizi na majani katika miaka kadhaa. Zinki na risasi zilizokwisha kutua kwenye tope la mlangoni zitabaki palepale, bomba limefungwa au halijafungwa.